Kikombe Kilichobaki Ardhini

Kwetu Vosges, milimani Ufaransa, mtu akitoka msituni na uyoga hupitia duka la dawa kwanza, aulize kama unaliwa. Mfamasia ni mimi. Wazee wa hapa wana ukaidi mmoja unaonichosha: hukata uyoga kwa kisu, eti ukiung'oa utaukosa mwakani. Lakini ule unaoua hujulikana kwa kikombe cheupe kilichoshika shina lake chini kabisa, na kisu hukiacha kikombe hicho ardhini.

Miaka mitatu iliyopita mzee Anselme alileta kikapu cha uyoga uliokatwa, umefunikwa kwa majani ya kangaga. Duka lilijaa watu. Nilichungulia mara moja tu, nikamwambia ale. Nyumbani kwao mume ndiye aliyeonja kwanza, mke akingoja hadi kesho yake. Siku ya tano Anselme alikufa. Watu wakasema lazima aliokota mwingine baada ya kutoka kwangu, nami, kwa woga wangu, nikanyamaza.

Juzi akaja mjane wake, bibi Clémence, na kikapu kilekile. Alisema amekikuta mlangoni alfajiri, kangaga juu, uyoga umekatwa mshazari kama alivyokata marehemu. Kikapu hicho tulimzika nacho. Nilikiona kwa macho yangu kikiwekwa miguuni pake.

Nikajitia mzaha ili kuficha hofu.

"Bila kuona chini ya shina siwezi kusema kitu, bibi. Mwambie huyo anayekuletea aung'oe mzima."

"Nitamwambia," akajibu, wala hakucheka.

Jana akarudi. Kangaga zilikuwa mbichi, na chini yake kulikuwa na uyoga mmoja tu, mzima, kofia yake ya kijani iliyopauka, shina limekaa ndani ya kikombe cheupe. Nilipoupangusa udongo kwa kidole, ikadondoka shanga ya zambarau. Kaburini kwa Anselme kuna shada la shanga za rangi hiyo. Nililipeleka mimi, nikidhani nitajikosha.

"Unaliwa, mwanangu?"

"Hauliwi, bibi. Unaua."

"Na yeye ulimwambia nini?"

Hakuinua sauti. Ningeweza kudanganya tena, mdomo ulishazoea. Lakini zile kangaga zilikuwa zikitikisika polepole ndani ya kikapu, na mlango wa duka ulikuwa umefungwa, hakuna upepo.

"Nilimwambia ale," nikasema.

Clémence alifunga vifungo vya koti lake kimoja kimoja, kisha akakisukuma kikapu hadi upande wangu wa meza.

"Basi mzigo ni wako," alisema. "Mimi alikuwa ananituma tu."