Fundo la Bega la Kushoto

...na pua nayo imechagua saa hii ya kuwasha, saa hii hii, mimi nikiwa maiti, mikono nimeitandaza kama sanamu la kutishia ndege kwenye shamba la ulezi, Bwana Daktari kanishikia ufito ubavuni, ncha ya mbele usawa wa tundu la kifuani, ncha ya nyuma usawa wa tundu la kiunoni, na maneno yake ya Kijerumani amekwisha kuyasema, marefu kama treni ya Tanga, mabehewa yanapita yote ndipo kichwa kinakuja mwisho, na sasa wananitazama mimi, Bwana Mkubwa, mkuu wa boma, kitini pake, askari wawili mlangoni, shemeji yangu Shabani, askari mwenye cheo cha ombasha, amevuliwa mkanda na bunduki, Lemburis na mnyororo wake shingoni, na mjane, Nosim, amekaa chini ameegemea ukuta wa boma, chokaa imemshika mgongoni, wote wananingoja nifasiri, kwa kuwa umaiti wangu ni wa asubuhi hii tu lakini ukalimani ndio unaonilisha, na hakuna mwingine hapa mwenye Kijerumani cha misheni, Kiswahili cha Pangani na Kimasai cha sokoni katika kichwa kimoja, kichwa chenyewe kina pua, na pua inawasha... nisiikune, maiti hajikuni, niliwahi kujikuna nikiwa maiti kule Pangani, kwenye mchezo wa mgeni aliyekufa harusini, watu wakacheka mpaka mama mmoja akazimia tukawa na maiti wawili, lakini hapa sioni wa kucheka, na hili shuka nililovaa si la mchezo, ni shuka la Koikai mwenyewe, mume wa Nosim, ndilo alilokufa nalo kando ya mfereji kule Moshono, na ndilo pekee lililobaki, maana yeye watu wake walimpeleka porini kwa fisi kama ilivyo desturi yao, wakamlaza, wakarudi bila kutazama nyuma, na Bwana Daktari alipofika na kisanduku chake cha visu akakuta majani yamelala tu, akakasirika kama mtu aliyeahidiwa pilau, basi, akasema, kama mwili hakuna, tutaiuliza nguo, tutaiuliza risasi, tutaiuliza bunduki, na nikafasiri hivyo hivyo, wazee wakaangaliana, nguo iulizwe?

Na kweli risasi ilijibu, hilo nililiona kwa macho yangu, waliitoa kwenye mgomba, ng'ambo ya mfereji, chini kabisa usawa wa goti, na mgomba si kama mti mwingine, mgomba ni laini, unaipokea risasi kama kitanda, haikupondeka wala haikupinda, na Lemburis wakati huo ndiye tuliyekuwa tumemkamata, yeye na gobori lake, kwa kuwa aligombana na Koikai juu ya zamu ya maji na mtaa mzima ulisikia, Shabani mwenyewe ndiye aliyemleta, kamba mikononi, akaapa kwamba yeye alikuwa mbali huko Kimandolu, alisikia mlio tu, na mimi nikafasiri, na kitanzi kilikuwa njiani kinakuja, halafu Bwana Daktari akaniita, Omary, tazama, akanipa kile kioo chake cha kukuzia, nikaona risasi imekuwa kubwa kama ndizi, ndefu, ya mviringo ubavuni, na mistari minne imeuzunguka mwili wake kwa mshazari, akasema gobori ndani ya mtutu ni laini kama koo, linatema golori ya duara isiyo na alama, lakini bunduki ya serikali imechongwa mifereji ndani, mifereji minne inayopinda kwenda kulia, risasi inapita inazunguka inachorwa, kwa hiyo hii haikutoka kwenye gobori la mtu huyu hata angelijaza baruti ya kuulipua mlima Meru, nikamfasiria Lemburis hayo, hakuelewa mifereji, akadhani bado tunasema habari ya maji, akaanza upya kuapa kwamba zamu ilikuwa yake, masikini, tunamwokoa shingo naye anadai maji... kisha daktari akachukua bunduki za askari moja moja, akazipiga kwenye migomba ya nyuma ya boma, migomba ya mpishi, mpishi akalia, akazitoa risasi zote akazilaza karibu na ile ya kwanza, na kwenye moja, katikati ya mistari minne, palikuwa na mkwaruzo mwembamba, kama ukucha wa paka, na ile ya Moshono nayo ina ukucha huo huo, mahali pale pale, na bunduki ile ilikuwa ya Shabani.

Shemeji yangu. Mume wa Tunu, dada yangu tumbo moja, aliyenitafutia kazi hii nilipofika huku na msafara, miguu imevimba na mdomo mzima, ambaye kila Ijumaa ananiwekea paja la kuku, akiniambia shemeji kula, mzaha haujazi tumbo... basi Shabani alipoona hizo risasi pacha akabadilika, akasimama wima akasema ndiyo, nilipiga mimi, niliogopa kusema, nilikwenda kumwita kazi ya barabara akanijia na mkuki, ana kwa ana, karibu kabisa, ningefanya nini, na Bwana Mkubwa akatikisa ndevu, akasema kama alimjia kifua mbele na silaha mkononi askari hana kosa, lakini kama alipigwa kwa nyuma, hapo kamba, na ndipo Bwana Daktari akasema tuiulize nguo, akalitandaza shuka mezani, matundu mawili, moja limezungukwa na weusi, moshi wa baruti umeganda kwenye uzi kwa upande wa nje, maana yake mtutu ulikuwa karibu, urefu wa mkono labda, na tundu la pili safi, limechanika tu, ndipo risasi ilipotokea, sasa tunataka mtu wa kulivaa, akatazama huku na huku, na nani mwingine, mcheshi wa boma, Omary vaa, nikavaa, weusi kwa nje kama alivyotaka, nikafunga fundo mara moja, vidole vinajua, nimelifunga mara nyingi sokoni jioni za gulio ninapoigiza Mwarusha anayenunua kofia, na watu wanacheka hata kabla sijasema neno... na lile tundu jeusi likaangukia hapa, kifuani, chini kidogo ya shingo, na lile safi kiunoni nyuma, na daktari akaweka ufito wake, akaona unashuka kutoka mbele kwenda nyuma, akasema askari alikuwa juu kwenye ukingo na marehemu anapanda kumjia, inakubali, kila kitu kinakubali, na hilo ndilo behewa la mwisho la sentensi yake, ndilo linalongojwa, askari amesema kweli, risasi iliingia kifuani.

Lifasiri basi, Omary, unangoja nini, habari njema hii, Lemburis anafunguliwa, Shabani anarudishiwa mkanda, Tunu anapika, mimi napata paja langu, hakuna anayekufa ila aliyekwisha kufa... lakini kuna huyu mama. Amesema kitu. Alikisema chini chini daktari alipokuwa katikati ya treni yake, nami nilikuwa ninakamata Kijerumani kwa sikio moja na kupigana na pua kwa lingine, nikasikia bega, nikasikia sivyo, Kimasai changu ni cha kununua maziwa na kukataa ugoro, mjane anasema nini juu ya bega, ananionea huruma mikono imechoka labda... sasa anasema tena, haniangalii usoni, anaangalia fundo, sauti haijapanda hata kidogo.

"Mume wangu hakufunga hivyo," anasema. "Hakuna mwanamume wa kwetu anayefunga hapo."

Wapi hapo? Fundo liko begani, mabegani ndiko mafundo yanakokaa, na liko bega la... ngoja, kushoto, kushoto kwangu, kwake yeye anayenitazama ni kulia, ninajua hesabu hizo, nimekula kwa hesabu hizo, kulia kwa watazamaji ni kushoto kwa mchezaji, basi labda yeye ndiye anayekosea, aniona kama kwenye maji, hapana, tazama Lemburis, Lemburis yule pale ana shuka lake chini ya mnyororo na fundo lake liko bega la kulia, kulia kwake yeye, nimegeuza kichwani nimegeuza tena, kulia, na wazee walioko nje ya lango, kulia, kulia, kulia, miaka yote hii sokoni mimi nafunga kushoto, kwa nini nafunga kushoto, kwa sababu ya ngoma ninayoibeba nikiigiza, mkanda wa ngoma unakaa bega la kulia, fundo lingenichubua, ni hilo tu, na wale watu waliokuwa wanacheka kabla sijafungua mdomo... nilidhani ni uso wangu, nilidhani nina kipaji cha uso... walikuwa wanamcheka mtu mzima asiyejua kuvaa. Basi vizuri, tucheke wote, kosa la mcheshi, fundo limekosea bega, linadhuru nini, shuka ni shuka, halina mbele wala nyuma kama kanzu, ukitaka fundo liende kulia na weusi ubaki nje unalizungusha tu shuka zima mwilini, la mbele linakwenda nyuma, la nyuma linakuja... la mbele linakwenda nyuma.

Polepole. Nimechanganyikiwa, nimesimama juani muda mrefu. Tundu jeusi liko kifuani. Nikizungusha linakwenda mgongoni, chini kidogo ya shingo. Lile safi linakuja tumboni. Hapana, anza tena, huenda nimezungusha mara mbili, mtu akizunguka mara mbili anarudi alipokuwa, nakumbuka mchezo wa mlevi na mlango... fundo kushoto, kifua. Fundo kulia, mgongo. Lakini huyu ni mjane, mjane atasema lolote, anataka mtu anyongwe, hata mimi ningetaka, nguo haina ushahidi zaidi ya... na tope. Hili tope. Tangu nivae shuka hili kuna tope limekauka linanikwaruza matakoni, bonge zima, gumu, nilikuwa nalipangia mzaha, nilitaka kumwambia mpishi baadaye kwamba marehemu alikaa vibaya, sasa lizungushe, Omary, lizungushe nalo, tope halijui Kijerumani wala halina shemeji, linatoka matakoni linakuja mbele, mapajani, magotini, tope la mtu aliyepiga magoti mferejini anaziba maji kwa magome ya mgomba ili yageuke yaende shambani kwake, ameinamisha kichwa, mgongo ameupa ukingo, maji yanapiga kelele, na mtu aliyesimama ukingoni nyuma yake anamwita kazi ya barabara, anamwita tena, hasikii, wala hageuki, na mtu ana tarbushi kichwani na cheo mkononi na hakuna anayemwitikia... ufito unashuka, ndiyo, unashuka kutoka mgongoni kwenda tumboni, unavuka maji, unaingia mgombani chini, usawa wa goti, kila kitu kinakubali, Bwana Daktari, kinakubali vizuri zaidi, nilikuwa nashangaa mtu anayepanda na mkuki atapigwaje risasi ikaishie goti la mgomba, sikushangaa kwa sauti, hakuna aliyenilipa nishangae.

Na mkuki. Mkuki uko wapi? Hakuna aliyeuleta.

Shabani ananitazama. Ananitazama vile anavyonitazama mezani kabla sijamaliza kichekesho, ananingoja, shemeji maliza basi, na hajui Kimasai, na daktari hajui, na Bwana Mkubwa ndiyo kabisa, hapa Nosim amesema kwangu tu, ni kama amesema kisimani, naweza kufasiri treni ya daktari behewa kwa behewa bila kuongeza hata neno, na nitakuwa sijasema uongo, mkalimani mwaminifu, mdomo wa mwingine, nani atanishika, Tunu hatanishika, Tunu atanishukuru... Tunu ana tumbo la miezi, ataniuliza kaka ulikuwa wapi walipomchukua, nilikuwa pale, dada, nilikuwa nimevaa shuka la marehemu... na Nosim yule pale naye anao watakaomwuliza, mume wako alikufaje, alikufa anamshambulia askari, hivyo ndivyo itakavyosemwa Moshono miaka yote, na aliyeisema ni mtu aliyefunga fundo kwa ajili ya mkanda wa ngoma. Ingekuwa ni bega la mwingine. Ingekuwa daktari kamvisha mpishi. Lakini ni mimi ndiye niliyemgeuza, yule mtu alipigwa mgongoni, mimi nimempa kifua, nimempa na mkuki juu yake, kwa fundo moja, bila kufikiri, vidole tu.

Pua imeacha kuwasha, sijui imeacha lini. Bwana Daktari ananigusa na ufito, taratibu, kama anayeamsha punda, ananiambia kwa Kijerumani haya, sema. Mkono wa kushoto bado umetanda. Wa kulia umeshuka wenyewe, umepita kifuani, vidole viko kwenye fundo.

"Bwana Daktari," namwambia, kwanza kwa lugha yake, halafu kwa Kiswahili ili wote wasikie, "ngoja kidogo. Maiti anataka kugeuka."

Na askari wa mlangoni wamekwisha kuangua kicheko, wamezoea, hata Bwana Mkubwa ndevu zimemcheza, fundo halijafunguka bado, limekaza, na Nosim hacheki, na Shabani, ambaye hucheka kabla ya wote, naye hacheki.