Simu Inayosimama Mlangoni

Mota ya cherehani ilikufa katikati ya pazia la zahanati. Ilitoa moshi mwembamba na harufu ya nywele zilizoungua, na Fundi akabaki ameshika kitambaa cha kijani mkononi kama mtu aliyeambiwa ashuke kwenye gari kabla ya kufika.

Watu wa mtaa ule walimwita Fundi tu, na yeye alipenda iwe hivyo. Jina lake aliliacha kule alikotoka, pamoja na sufuria, picha za harusi na simu. Simu aliiacha makusudi, juu ya mto wa kitanda, imewashwa, ili mume wake akipiga aisikie ikiita humo humo ndani na adhani mwenyewe yuko bombani. Alipokuja kugundua, basi lilikuwa limeshavuka mto. Tangu siku hiyo Fundi alikuwa akiishi kwa shangazi yake, dada wa baba, katika vyumba viwili nyuma ya duka la dobi. Mume hakuwahi kupajua hapo. Ndugu wa mke aliwahesabu kama inzi. Hakuuliza hata siku moja wanakaa wapi.

"Usinune, mwanangu," Shangazi alimwambia jioni ile. "Shika simu yangu, agiza mota nyingine. Siku hizi hata jeneza unaletewa mlangoni."

Fundi akaingia kwenye tovuti ya kampuni ya cherehani, ile ile aliyonunulia vipuri zamani. Ukurasa ukauliza namba ya simu na neno la siri. Vidole vikaandika vyenyewe, kama mguu unavyokanyaga pedali bila kuambiwa. Maandishi yakatokea: Karibu tena. Tumekukumbuka.

"Wana adabu kuliko wajomba zako," alisema Shangazi, akichungulia juu ya bega lake.

Fundi akafuta anwani ya zamani, akaandika mpya: nyuma ya dobi, mlango wa bluu. Akabonyeza, akalala usingizi wa mtu aliyemaliza kazi.

Asubuhi aliifungua tena ili aone mzigo umefika wapi. Palikuwa na maneno machache tu. Mzigo wako unatoka leo mchana. Ukitoka, tutatuma ujumbe wenye anwani na ramani kwenye simu yako. Chini yake ilikuwa namba, imefichwa kwa nyota ili mgeni asiisome, zimeachwa tarakimu mbili za mwisho.

Mgeni asingeisoma. Yeye aliisoma yote. Ilikuwa namba ya ile simu iliyobaki juu ya mto.

Aliketi kwenye ukingo wa kitanda, akaiona simu ile inatetemeka kwenye kiganja cha yule bwana, akamwona anaisoma polepole huku midomo ikichezacheza, kama alivyosoma kila kitu. Nyuma ya dobi. Mlango wa bluu. Na ramani juu yake, asije akapotea njia.

"Shangazi," aliita, na sauti yake mwenyewe hakuitambua. "Nimemwambia tunakokaa."

Shangazi alikuwa anamenya kitunguu. Aliweka kisu chini. Hakuuliza ni nani. Katika nyumba ile "yeye" alikuwa mmoja tu.

"Umemwambia saa ngapi?"

"Bado. Mchana."

Wakajaribu kila walichoweza. Fundi akataka kubadili namba. Ukurasa ukasema, kwa usalama wako, tutatuma namba ya uthibitisho kwenye simu yako. Kidole kikaganda hewani. Akataka kufuta oda: kwa usalama wako, tutatuma namba ya uthibitisho. Akaenda kwenye kale kasanduku ka kuzungumza na kampuni, akaandika kwamba simu si yake tena. Kakajibu papo hapo: Samahani, sijaelewa. Je, unataka kununua simu?

"Mjinga gani huyo?" Shangazi akauliza.

"Si mtu, Shangazi. Ni mashine."

"Basi vaa viatu uende ukaongee na mwenye masikio."

Tawi la kampuni lilikuwa upande wa pili wa soko. Fundi alipita uchochoroni, kitambaa cha kichwani kimeshuka hadi kwenye nyusi, na kila mwanaume aliyekohoa nyuma yake alimfanya apishe ukutani. Alijua vizuri kwamba yule bwana yuko mbali. Miguu yake haikujua.

Ndani palikuwa na kaunta ya kioo, cherehani zimepangwa zinang'aa, na dada mmoja mwenye miwani mikubwa iliyomshukia puani. Foleni ilikuwa fupi lakini ya watu wenye masikio. Zamu yake ilipofika, Fundi alitaka kusema kila kitu. Akageuka nyuma. Utasemaje jambo kama lile mbele ya baba mwenye pasi iliyoharibika kwapani?

"Simu yangu ilipotea," akasema. "Nataka mnibadilishie namba."

"Pole, dada. Jina? Namba ya zamani?" Dada wa miwani akachukua kitambulisho, akaandika huku vidole vikikimbia. "Hilo ni dogo tu."

"Ila msitume..."

"Tayari. Nimetuma namba ya uthibitisho. Ukinisomea tu, tumemaliza."

Fundi alishika ukingo wa kaunta. Akauliza, kwa sauti ya kuuliza bei, "Imekwenda wapi?"

"Kwenye ile namba ya..." Dada akavua miwani, akamtazama vizuri kwa mara ya kwanza. "Nani anayo hiyo simu?"

Kabla hajajibiwa, simu ya mezani ikaita.

Ujumbe ule wa kampuni humalizika kwa maneno ya kukulinda: kama si wewe uliyeomba, piga namba hii. Na anayepiga huletwa moja kwa moja kwa mhudumu aliyefungua akaunti ile. Yule bwana alikuwa amepiga. Hakumaliza hata dakika, kama mtu aliyekuwa amekaa na simu mapajani akisubiri ipumue.

"Habari za saa hizi, dada yangu," ilisema sauti ndani ya chombo, na chombo kile kilikuwa cha zamani, kinavujisha maneno hadi nje. "Samahani kwa usumbufu."

Ilikuwa ile sauti yake nzuri. Sauti ya harusini, sauti ya mbele ya wakwe. Fundi alijikuta ameinama, kichwa chini ya usawa wa kaunta, kana kwamba sauti ina macho.

"Namba mliyotuma ninayo hapa. Nikusomee?" Akaisoma yote bila kukosea. "Ni ya mke wangu. Hayuko sawa kichwani, maskini, ametoka nyumbani, tunamtafuta. Nisaidie tu anwani aliyoiandika, nikamchukue. Mungu atakulipa."

Dada akafunika chombo kwa kiganja. "Mumeo?"

"Akipajua ninapokaa, ataniua." Alilisema kwa mnong'ono, na yule baba wa pasi akageuka akaanza kusoma bango la ukutani kwa bidii.

"Mkatie," Fundi akaomba. "Mkatie, dada."

"Nikimkatia atapiga tena, apokelewe na mwingine ambaye hajakuona. Namba anayo, watamwamini." Alisogeza uso karibu. "Watu wawili wakidai akaunti moja, kuna swali la siri. Ulilichagua mwenyewe ulipojiandikisha. Akikosea mara tatu, kwa simu hafunguliwi tena na mtu yeyote. Bora akosee hapa."

"Na akipatia?"

Dada akaondoa kiganja.

"Bwana, ili nikuhudumie kuna swali moja la mwenye akaunti. Nguo ya kwanza kabisa ulimshonea nani?"

Fundi alikuwa amelisahau swali lile. Jibu lilimrudia lote kwa pamoja. Msimu wa baridi, kitoto cha mbuzi kilichozaliwa kinatetemeka, na yeye, msichana mwenye sindano ya kuazima, amekata mkono wa sweta la babu akakishonea koti. Na likamrudia jambo la pili. Alikwisha kumsimulia mumewe. Mwaka ule wa kwanza, wakati bado wanacheka, wamekaa kizingitini, kichwa cha yule bwana kiko mapajani mwake. Alimsimulia habari za mbuzi mwenye koti, naye akacheka mpaka machozi yakamtoka.

"Rahisi hiyo," ilisema sauti. "Mama yake."

Dada akaandika. "Sivyo, bwana."

"Sivyo? Basi ni mimi. Shati la kijivu. Alinishonea mimi kwanza, kabla ya mtu mwingine yeyote."

Alilisema kwa uhakika kabisa, kama mtu anayetaja siku yake ya kuzaliwa. Fundi aliuma kitambaa chake kwa meno.

"Sivyo. Imebaki nafasi moja."

Redio ilisikika huko kwake, na kijiko kikigonga kikombe. Fundi akakitambua kikombe.

"Subiri," sauti ikasema, taratibu sasa, bila asali. "Kuna kitu aliwahi kunieleza. Kilikuwa kichekesho. Hakikuwa mtu." Kijiko kikagonga tena. "Alikuwa mnyama. Ndiyo. Alimshonea mnyama."

Dada akainua macho. Aliona uso wa Fundi, akajua mara moja kwamba bwana anakaribia. Mkono wake ulikuwa juu ya vitufe na haukuwa na la kufanya ila kusubiri, kwa maana simu zote za pale zinarekodiwa.

Fundi hakusali wala hakupumua. Alikuwa anajaribu kukumbuka kama siku ile kizingitini alisema mbuzi mara moja au alirudia.

"Paka," ilisema sauti. "Alimshonea paka."

Kitufe kikabonyezwa. Kioo cha kompyuta kikageuka chekundu.

"Samahani, bwana. Akaunti hii imefungwa kwa njia ya simu."

"Yuko hapo." Hakuuliza. "Amesimama hapo mbele yako."

"Taarifa za wateja hatumpi mtu."

"Mwambie simu hii sitaizima. Mwambie naichaji kila siku."

"Siku njema, bwana." Dada akarudisha chombo mahali pake kwa mikono miwili, kama mtu anayeweka yai.

Baba wa pasi alikuwa bado na bango lake. Mwishowe dada akavaa miwani, ikamshuka puani, akaipandisha.

"Wewe uko kaunta, na kitambulisho ninacho, kwa hiyo nafasi yako ipo. Nguo ya kwanza ulimshonea nani?"

"Kitoto cha mbuzi."

"Mbuzi?"

"Koti."

"Na akalivaa?"

"Alilivaa mpaka akalitafuna."

Dada akacheka kidogo, akajizuia, kisha kioo kikawa kijani. Akaizuia oda isitoke, akafuta ile namba, na ujumbe wa mchana ukafa kabla ya kuzaliwa. Halafu akakigeuza kioo ili Fundi aone.

"Haya ndiyo tunayoyaweka. Yote yameandikwa chini kabisa ya ukurasa, pale pasiposomwa. Jina, simu, mahali, ulichonunua, ulichotazama ukakiacha. Hata aina ya simu uliyoingilia."

Fundi aliyaona maisha yake yamepangwa mstari kwa mstari: sindano za jinzi, pedali, mafuta, nyumba ya zamani na namba ya mlango wake. Chini yake palikuwa na mistari mingi inayofanana.

"Hii ni nini?"

Dada alisita. "Ile simu ya zamani. Tovuti yetu inaitambua. Imekuwa ikija hapa kila asubuhi. Haina neno la siri, kwa hiyo haiingii. Inasimama mlangoni tu."

Kila asubuhi. Wakati yeye anafagia vipande vya uzi, anachemsha chai, anaanza kusahau. Yule bwana alijua cherehani ingekufa siku moja, na fundi angehitaji kipuri. Alikuwa amekaa pale, anangoja.

"Futa," Fundi akasema. "Vyote."

"Nafuta ninavyoruhusiwa. Oda ya leo lazima ibaki na jina. Anwani tuandike nini?"

"Usiandike. Mota nitaibeba mwenyewe."

"Na swali jipya la siri. Chagua ambalo hawezi kulijibu."

Hapo ndipo alipokwama. Alitafuta kichwani, na kila alichokishika kilikuwa na alama za vidole vya yule bwana. Shule alimsimulia. Mji aliozaliwa alimsimulia. Chakula alichopenda, alikuwa akimpikia. Alimpa vyote wakati ule wa kucheka, bure, kwa furaha. Ilimbidi aje huku mbele, kwenye hii miezi ya nyuma ya dobi, ndipo akapata kitu kidogo kisicho na mtu mwingine ndani yake. Alipoanza kukiandika, dada wa miwani aligeuza uso ukutani, akakaa hivyo mpaka vidole viliponyamaza.

Alirudi kwa njia ndefu, mota kwenye mfuko wa unga ili isijulikane ni mota. Shangazi alikuwa amesimama nyuma ya mlango wa bluu, kisu cha vitunguu bado mkononi.

"Amejua?"

"Hajajua."

Shangazi akakaa chini pale pale sakafuni. Kisha akauliza, "Na hilo swali lao la siri, umewaandikia nini?"

"Hata wewe sikuambii, Shangazi."

"Vizuri," alisema Shangazi. "Usiniambie."

Fundi akaifunga mota, akamalizia pazia la zahanati. Kabla ya giza kuingia alisukuma meza ya cherehani mpaka ikaegemea mlango, nzito, na chuma chake chote. Kisha wote wawili wakakaa wanasikiliza hatua za watu wanaopita kwa dobi, moja baada ya nyingine, mpaka kila moja ilipopita.