Wimbo wa Kasuku

Basi Silima wa Ole na ule mchezo wa Kihindi walikuwa kama pete na kidole. Ulichezwa Chake Chake zamani, jukwaa la mbao, waimbaji wanatiririka jasho, na Silima akarudi na wimbo mmoja kichwani, ule wa binti wa mfalme akimuaga kasuku wake. Lugha yenyewe haijui hata chembe. Lakini akipanda mkarafuu huimba, aking'oa muhogo huimba. Mkewe, Bi Time, alipoolewa aliukuta wimbo ule nyumbani kama mke mwenza. Akawa humcheka, ati maneno kayatunga mwenyewe.

Miaka ikenda, ikaja habari kuwa mchezo ule sasa umetiwa kwenye sinema, na Haridas mwenye duka la nguo ataionesha Madungu, ndani ya bohari la karafuu.

"Twende, Mama Ahmada," Silima akamwambia mkewe. "Leo utanitaka radhi."

Wakenda kwa miguu, Bi Time kavaa kikuba, kile kishada cha asumini, kifuani kama aendaye harusini. Ilikuwa alasiri, madirisha yamezibwa magunia, wanaume huku, wanawake kule. Na sinema nzuri, usiseme. Jukwaani zamani tembo alikuwa watu wawili ndani ya shuka. Humu tembo wa kweli, anapunga masikio. Silima alipiga makofi mpaka viganja vikamwasha. Ikafika pahala pa kasuku. Binti akafungua tundu, kasuku akaruka, akenda zake. Wimbo hakuna. Wameukata.

Kule kwa wanawake akakisikia kicheko cha mkewe.

Mtambo ukasimama, fundi abadilishe mkanda. Silima akainuka, akauimba mwenyewe. Watu wakamwambia mzee kaa. Mara Bi Maniben, mama yake Haridas, akaudaka kule aliko, maneno yaleyale, na Wahindi wote waliouona mchezo zamani wakaitikia. Haridas akamzuia fundi asiwashe mtambo mpaka waishe.

Bi Time akainuka kwenda kumtunza mwimbaji kwa zawadi, kama ilivyo ada. Akavua kikuba chake, akamchomekea Bi Maniben begani.

Njiani Silima akangoja atakwe radhi. Wakenda mpaka mikarafuu ya Ole ikaonekana.

"Yule bibi anauimba vizuri," Bi Time akasema. "Wewe pale kati unakosea."

"Wapi?"

Akamwimbia, tangu mwanzo, bila ya kuyumba, mpaka kasuku akaruka.