Homa Haikutikisa Kikombe

Jumamosi asubuhi, gari la Azzan lilipokwisha kupinda kona kurudi kazini Maskati, mama yake, Bi Mahfoudha, aliteremsha kopo la haluwa kutoka juu ya kabati akampa mjukuu wake vidonge viwili vya rangi mbili. Shouq, mtoto wa Azzan mwenye miaka sita, alikuwa akikohoa tangu jana. Hospitali ilikuwa Ibra, dakika arubaini kwa gari, na gari lisingerudi mpaka Jumatano.

Kopo halikuwa na haluwa tena. Lilikuwa na vidonge vilivyosalia kwa marehemu mumewe, kwa jino la Azzan, kwa kidonda cha jirani. Bi Mahfoudha, mzaliwa wa Unguja, hakutupa hata punje ya wali, seuze dawa. Mtu keshapata nafuu, anameza vya nini tena? Hiyo ni israfu. Mtaa mzima ulimsikiliza yeye kuliko daktari.

Alasiri homa ilimtoka Shouq ikakaa mkekani. Ilikuwa ndogo, kimo cha kifaranga, na ilikuwa na adabu.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Karibu kahawa."

Ikanywa, ikala vidonge viwili kama tende, ikatikisa kikombe kuonesha imetosheka, ikaaga. Shouq akatoka kucheza uani, na kopo likarudi juu ya kabati.

Jumatatu ilirudi na kimo cha mbuzi. Safari hii ilikula vinne ndipo ikatikisa kikombe. Jirani wa Bi Mahfoudha, Ghanima, alikuwapo, akakunja miguu kuipisha.

"Imenenepa, mashaallah," alisema. "Jana ilipita kwangu, nikaipa vile ulivyonipa vya mwanangu Rawya."

Jumatano iliinama kupita mlangoni. Ilikula vyote, vyeupe na vya manjano, mpaka kopo likawa tupu, kisha ikanyosha mkono na kikombe chake, haikukitikisa. Pumzi za Shouq zilisikika hadi barazani.

Azzan alifika magharibi. "Yallah, mama, mustashfa!" Njia nzima hadi hospitali ya Ibra, homa ilikaa kiti cha mbele kwa kuwa ni mgeni. Bi Mahfoudha alikaa nyuma, mtoto mapajani.

"Kuna dawa yoyote aliyokunywa?" daktari aliuliza.

"Hakuna," alijibu Bi Mahfoudha, wala hakuona kuwa anasema uongo. Dawa ni ile unayopewa hospitali. Vya kopo ni vitu vya nyumbani, kama tangawizi.

Daktari akaandika, akamtundikia mtoto chupa ya dawa. Homa ikapanda kitandani, ikatia mpira mdomoni, ikanywa hadi tone la mwisho.

"Hii naijua, bibi," ilisema. "Ni ile ile ya kwako."

Hapo Bi Mahfoudha akafahamu kuwa homa imeizoea dawa hii kwenye kopo lake. Daktari alikuwa kitanda cha pili, hatua tatu tu. Lakini Azzan alikuwa amesimama pale pale, na bibi huyu hajapata kukosea mbele ya mwanawe. Akatengeneza ushungi wake, akamwacha daktari asogee kitanda cha tatu.

Shouq alikufa Ijumaa asubuhi. Bi Mahfoudha alilia mpaka sauti ikamkauka, na kilio chake kilikuwa cha kweli.

Matangani wanawake walikuja na kahawa, na tende, na kwa kuwa walijua kopo limemalizwa, kila mmoja alikuja na vidonge vyake vya masalio, amevifunga pindoni mwa leso. Siku ya tatu kopo lilijaa kuliko zamani. Homa ilikaa mahali pa Shouq, mgongo umegusa dari, na watu walizoea kuizunguka.

Wenziwe walipoondoka, Ghanima alibaki.

"Bi Mahfoudha, najua si wakati wake. Rawya kifua kimembana."

Mfuniko ulikuwa umekaza. Bi Mahfoudha alihangaika nao hadi homa ikamchukulia kopo taratibu ikamfungulia.

"Shukran," alisema, akachagua vidonge viwili, akamtia Ghanima kiganjani. "Akipata nafuu kwa kimoja, mwanangu, cha pili nirudishie."