Randa Iliyokoroma

Mtaa mzima ulimwita Mama Kaboni, na hakuna aliyekusudia kumtusi. Ukishinda kutwa ukipangusa vumbi jeusi la mota za watu, jina la namna hiyo hulikimbii. Drili zilizoungua, misumeno iliyogoma, mashine za msasa zilizorithiwa na watu wasiojua hata kuziwasha, zote zilipita kwenye meza yake ya uani zikatoka zikinguruma. Mumewe alikuwa seremala. Yeye akiharibu, mke akitengeneza, ndivyo walivyozeeka.

Sasa mume alikaa chumbani akitazama ukuta. Maradhi ya kusahau yalianza kwa kumwibia majina ya mbao, yakaja kwenye majina ya watu, mwisho yakamfunga ulimi. Tangu mvua zilipokatika hakuwa ametamka neno. Mkewe alimlisha, akamwogesha, akamsemesha hadi sauti ikamkauka, naye akamtazama kama mgeni aliyekosea mlango. Hakuna adhabu inayouma kama hiyo, na asiyeionja asijifanye anaijua.

Binti yao alikuwa amekuja kumchukua baba yake akaishi kwake.

"Mama, kesho naondoka naye. Wewe umechoka, na yeye hakujui."

"Atanijua. Akiisikia randa yake, atanijua."

"Mama, jamani."

"Niachie leo tu, mwanangu."

Randa yenyewe ilikuwa ya umeme, ya zamani, bodi lake chuma kitupu, nzito kama mtoto aliyelala. Ilikuwa guniani tangu seremala aache kazi. Mama Kaboni aliifungua asubuhi ile kwa pupa ambayo angemfokea fundi mwingine yeyote kwa kuwa nayo. Skrubu zilizoshika kutu alizilowesha mafuta ya taa. Waya uliogugunwa na panya aliukata akaweka mwingine. Kaboni, vile vipande vyeusi vinavyopeleka umeme kwenye mota, zilikuwa zimelika zikabaki vipisi. Akachonga nyingine kwa msasa mpaka zikakaa sawasawa kwenye rota. Visu akavinoa. Beringi ya mbele ndiyo ilikuwa maiti kabisa: ukiizungusha kwa kidole inasaga kama mchanga kwenye wali. Akaing'oa, akaitupa kwenye kopo la takataka, akapachika mpya na grisi yake.

Akaiwasha. Ikaimba laini, bila kutetemeka, kazi ya kujivunia mbele ya fundi yeyote. Akafungua mlango wa chumbani, akapiga ubao randa hadi maranda yakamfika vifundoni.

Mzee hakugeuka. Mkewe akachota maranda akamtilia kiganjani, nayo yakamdondoka moja moja. Mama Kaboni akakaa chini palepale sakafuni akalia, tena kwa sauti, maana ya kuficha yalikuwa yamekwisha.

"Basi, Mama," binti alisema. "Umejitahidi. Mashine yenyewe imekuwa kama mpya."

Kilio kikakatika. Kama mpya! Mganga hajigangi, na kama kuna nyumba iliyothibitisha msemo huo ni hii. Miaka nenda rudi mumewe alikuwa akipaza sauti kutoka karakana yake upande wa pili wa ua, "Mke wangu, beringi hii imekufa!" Naye, kichwa kimezama kwenye mashine za wateja, alijibu, "Wiki ijayo!" Ikawa ndiyo salamu yao. Majirani waliwatania kwamba randa ile inakoroma kuliko mwenyewe. Wiki ijayo haikufika kamwe, mpaka leo, alipoitengeneza akaitoa uhai.

Alilimwaga kopo la takataka uani, akapekua kwa mikono miwili kati ya maganda na vyuma hadi akaipata ile beringi kuukuu.

"Mama, si hiyo mbovu uliyoitupa?"

"Mbovu ndiyo yake."

Akairudisha. Mikono yake ilikataa, maana haikuwahi kufanya uovu wa namna ile, kutoa kizima na kutia kilichooza. Akaigongea hivyo hivyo, akafunga bodi, akawasha. Randa ikakoroma, ikapiga kelele, ikatetema mezani hadi misumari ikacheza. Harufu ya kuungua ikaanza.

"Mama, zima! Unaiua!"

Hakuzima. Alikuwa tayari iungue yote.

Ndipo ndara zikasikika zikiburuta sakafuni. Mzee akatokea mlangoni, akashuka uani, akaweka kiganja juu ya bodi kama alivyokuwa akifanya zamani, akainamisha sikio.

"Zima hiyo," alisema.

Binti akajishika mdomo. Mama Kaboni akazima.

"Beringi imekufa," mzee akasema. Sauti ilikuwa na kutu, lakini ni yake. "Kila siku nasema." Kisha akamgeukia, akamtazama usoni kwa adabu, jinsi mtu anavyomtazama fundi wa kukodi. "Samahani, fundi. Umefanya vizuri kujaribu, ila hii usiiguse. Ataitengeneza mke wangu."

Mama Kaboni aliiweka bisibisi mezani.

"Yuko wapi mkeo?" aliuliza.

"Yupo tu hapo, ana kazi za watu. Mikono yake haina mfano. Ukimwona, mwambie namsubiri."

Alitaka kumshika mabega amtikise, amwambie ni mimi, nitazame vizuri, ni mimi. Badala yake alijipangusa masizi kwenye gauni, akamjibu jibu pekee alilokuwa nalo.

"Wiki ijayo."

Mzee akacheka, mara ya kwanza tangu maradhi yaingie.

"Hata yeye," alisema, "husema hivyo hivyo."