Wimbo wa Neville, Bila Texas

Kwa miaka sita Lorna alikuwa akiuimba wimbo aliomtungia marehemu mumewe pale klabu ya wafanyakazi ya Barnsley, Uingereza, na kwa miaka sita watu walipiga soga tu. Aliyemtaka hasa asikie ni shemeji yake Clifford. Tangu wamzike Neville, mzee huyo hakuwahi kulitaja jina la mdogo wake, na Lorna aliona jinsi huzuni inavyomla.

Ijumaa alimwimbia Wendell, mtunzi wa nyimbo kutoka Nashville, Marekani, aliyepanga chumba kwake.

"Neville alikuwa anaendesha lori?" Wendell akauliza.

"Lori gani? Alikuwa na baiskeli, tena mbovu."

"Texas aliwahi kufika?"

"Hata Leeds hapo jirani alikuwa hapataki."

"Sasa mama, hilo lori na hiyo Texas vimeingiaje? Na mbona ukiimba unaongea Kimarekani kama mjomba wangu?"

Lorna akawaka. "Huku wote tunaimba hivyo! Na nyinyi Wamarekani je? Maneno mazuri, lakini muziki haupandi wala haushuki. Mtu analala!"

"Hapo umenipata," Wendell akacheka. "Kwetu watunzi tunakaa wawili wawili kila asubuhi kama makarani. Ukiandika uongo, mwenzako anaukata hapo hapo. Wewe hukuwa na wa kukukatia. Ila huo muziki usiuguse. Kwetu sijui nani angeweza kuutunga."

Basi wakakaa jikoni na chai yao, wakakata. Kukatwa kunauma, nani asiyejua? Lakini kufikia jioni Texas ilikuwa imeondoka, na baiskeli imeingia, pamoja na ule mnyororo ambao Neville aliusafisha juu ya meza ya chakula kila Jumapili huku mkewe akifoka.

Jumapili mchana Lorna aliuimba klabuni kwa lafudhi yake ya Barnsley, Clifford akiwa meza ya mbele. Katikati ya ubeti wa pili Trevor, katibu wa klabu, akapanda jukwaani kutangaza kwamba pai zimefika. Trevor angemkatiza hata mfalme. Akafungua mdomo, akaufunga, akasimama hapo mpaka mwisho huku pai zikipoa.

Lorna alimtazama Mmarekani wake kule nyuma, akamshukuru kwa moyo wote. Ndipo Clifford akamvutia kiti, uso umelowa.

"Kaa, shemeji," akasema. "Unajua utotoni Neville alikuwa anapangusa mnyororo wa baiskeli kwa taulo za mama? Na kipigo nakula mimi."