Jina Lililobaki Jikoni

Lori la mahindi lililotoka Kitale lilikatika ekseli karibu na Misikhu saa nne asubuhi. Abiria mmoja, msichana mwenye sanduku la bati, akapanda kilima kuomba maji ya kunywa. Aliitwa Cheptoo. Alikuwa amemaliza chuo cha wakunga miezi miwili iliyopita, na kesho yake alitakiwa Bungoma, mbele ya baraza la kanisa lililotafuta mkunga wa zahanati yake mpya.

Hata kabla hajapiga hodi kwenye boma la kwanza alisikia sauti ya mwanamke mzima ikitaja wanaume, mmoja mmoja.

"Ni yule muuza tumbaku wa Malakisi? Ni Ngari, dereva? Basi ni nani?"

Kila swali lilijibiwa kwa mguno. Cheptoo aliutambua mguno ule. Akaweka sanduku chini, akaingia jikoni bila kukaribishwa.

Mwanamke aliyeitwa Nakhungu alikuwa amelala chali juu ya mkeka, midomo imepasuka kwa kiu. Ilikuwa siku ya pili ya uchungu. Mumewe, Wabwile, alikuwa kibarua katika shamba la Mzungu huko Kitale na alirudi nyumbani mara mbili kwa mwaka. Mama yake Wabwile, Sellah, alikuwa amekaa karibu na kichwa cha mgonjwa na kikombe cha uji ambacho hakumpa. Katika boma lile waliamini kwamba mtoto akichelewa, mama yake amelala na mwanamume mwingine, na hatatoka mpaka mwanamume huyo atajwe. Akishatajwa, mtoto huzaliwa na mama hurudishwa kwao.

Cheptoo aliijua imani hiyo. Dada yake aliulizwa vivyo hivyo kwao mlimani, akazikwa kabla hajajibu. Hasira ilimpanda.

Alimwambia Sellah ampe mgonjwa uji. Sellah alimtazama kuanzia viatu kwenda juu.

"Wewe mwenyewe umezaa wangapi, binti?"

"Sijazaa, mama. Nimezalisha thelathini na mmoja."

"Ati thelathini na mmoja. Na hujui hata kimoja."

Mlangoni alisimama mzee Wakhungu, shemeji yake Sellah na mzee wa kanisa, Biblia kwapani. Alitaka kujua huyu mgeni ni nani. Cheptoo akampa barua ya baraza. Mzee aliisoma polepole, kisha akaweka kidole chini kabisa, penye sahihi. Ilikuwa sahihi yake.

Mzee alisema hayo ya kutaja wanaume ni ushenzi, na kwa muda Cheptoo alidhani amepata mtu wa kumsaidia. Lakini akaendelea kusema kwamba uchungu ni hukumu ya Eva, na mwanamke anayekawia hivi lazima ana dhambi ya kuungama. Kumbe yeye na Sellah walikuwa wamefika mahali pamoja, mmoja kwa njia ya mila, mwingine kwa njia ya Kitabu.

"Mzee, ng'ombe wako hulia akizaa?" aliuliza Cheptoo.

"Hulia."

"Yeye alikula tunda gani?"

Hakungoja jibu. Juu ya mtungi palikuwa na ngata, ile duara ya majani ambayo wanawake huweka kichwani wakibeba maji. Akaichukua, akachukua na kibuyu kidogo cha maziwa, akapiga magoti mbele ya Sellah. Aliwaeleza kwamba binadamu husimama kwa miguu miwili, kwa hiyo mifupa ya nyonga zake imebana njia. Halafu kichwa cha mtoto wake ni kikubwa kuliko cha mnyama yeyote wa kimo chake, kwa sababu ya akili iliyomo. Ndiyo maana kinaumiza. Akasukuma kibuyu ndani ya ngata kikiwa kimelala upande. Kikakwama. Akakigeuza kidogo. Kikapita.

"Mtoto huyu ametazama juu," alisema, akipapasa tumbo la Nakhungu. "Amekwama. Hangojei jina la mtu."

Sellah aliikodolea macho ngata kama kwamba hajawahi kuibeba. Kisha akatoka nje, kikombe akakiacha.

"Fanya kazi yako," alisema mzee. "Lakini atakalosema humu utaniletea."

Cheptoo alifunga mlango. Akamnywesha Nakhungu uji, akampigisha magoti, mikono chini kama mtu anayedeki sakafu, akamkanda kiuno kila uchungu ulipokuja. Mara Nakhungu akapiga kelele.

"Wekoye. Semeni ni Wekoye. Iishe tu."

Wekoye alikuwa mdogo wake Wabwile. Wakati huohuo alikuwa nje anapasua kuni, na shoka likanyamaza.

Uchungu ulipopoa Nakhungu alimshika Cheptoo mkono. Alilia, akasema si kweli, hajawahi kumgusa yule kijana, alitafuta jina lolote lililo karibu.

"Usilitoe nje, dada. Watamfukuza na mimi pia."

"Halitatoka," alisema Cheptoo. "Nakuahidi."

Alasiri mtoto aligeuka, na jua lilipofika juu ya migomba ya nyuma alizaliwa, msichana, akilia kwa hasira. Cheptoo naye alilia, kimya, huku akifunga kitovu.

Nje mzee alikuwa akingoja, Sellah kando yake. Walisema wamesikia kelele na jina ndani yake, ila mlango uliwazuia kulipata vizuri.

"Alimtaja nani?"

"Mtoto ni mzima, mzee. Mama anahitaji uji mwingine."

"Nimekuuliza jina. Kesho mimi ndiye nitakayekuuliza maswali Bungoma. Pana nyumba ya mabati pale, na vitanda sita. Vinakungoja."

Cheptoo alikuwa ameviota vitanda hivyo tangu mwaka wa kwanza chuoni. Alimtazama Wekoye kando ya kuni, shoka mkononi, uso umempauka. Alimtazama mzee.

"Swali nimelisikia," alisema.

Akaenda kuchukua sanduku lake. Mzee akaikunja ile barua mara nne, akaitia ndani ya Biblia, akasema baraza halitakuwa na haja ya kumwona.

Sellah aliingia jikoni, akaokota kikombe kitupu, akakichungulia, akaenda kukoleza moto.

Wekoye alimbebea sanduku hadi barabarani. Lori lilikuwa bado juu ya mawe, lakini lingine lilikuwa linarudi Kitale na nafasi ilikuwepo. Kijana alishikilia sanduku kwa muda kidogo zaidi ya ilivyohitajika.

"Sista, ni mimi alinitaja?"

"Nenda ukapasue kuni," alisema Cheptoo. "Wanachemsha uji."

Akapanda juu ya magunia matupu.